Siku ya Nne ya Idi, Samail

Siku ya kwanza, arsiya.
Siku ya pili, mishkaki, na moshi mtaa mzima.
Siku ya tatu shimo likafunuliwa, shuwa ikatoka
ndani ya majani ya mgomba, laini, inajichambua yenyewe,
na Hamdun, karani mstaafu wa forodha,
mtu wa risiti, mtu wa kujumlisha kwa kalamu nyekundu,
alikula bila kuhesabu.

Leo ni ya nne. Alfajiri.
Mume wangu kakaa ukingoni mwa kitanda
kama aliyemeza mto.
"Ghaniya," aniita. "Tumbo."
Basi. Neno moja.
Miaka thelathini na minane nalisoma neno hilo,
najua lini ni gesi na lini ni huzuni.

Duka la dawa limefungwa mpaka Jumapili.
Muadhi wetu, aliyeko Doha, atuma picha ya vidonge,
kisha nyingine, yenye mshale: hivi, mama, si vile.
Sawa, baba. Mlango una kufuli.

Nafungua friji. Nyama, nyama, nyama.
Naisukuma huku na huku
kama mtu atafutaye kiatu chake nje ya msikiti,
hata nafika nyuma kabisa, ulipo mtungi wa mtindi
wa Bi Thuraya, mwenye ng'ombe mmoja mkorofi ng'ambo ya falaji.
Mchachu. Unakukunja uso, kisha unakukunjua.
Naukoroga kwa maji baridi, chumvi kidogo,
na uzile niliokaanga mkavu hadi ukanena.

Na shayiri.
Hapo mkono wangu hukawia kidogo juu ya kopo.
Mama, aliyetoka Tabora na masanduku mawili
na kuandika kwa kubahatisha,
alinipa kikaratasi, nina miaka tisa, niende sokoni:
Shairi, kilo moja.
Mwenye duka, naye mrejea wa Kigoma, akavaa miwani.
"La mapenzi," akaniuliza, "au la maombolezo?"
Nikasema la tumbo.
Akacheka hata mizani ikatikisika,
akanipimia, na konzi moja ya nyongeza.

Naichemsha polepole. Shayiri haipendi haraka,
huvimba ikitaka, hutoa ute wake ikitaka.
Sukari sitii. Tende tatu za fardhi, nimezichana,
kokwa nimezirusha bustanini, ambako hazitaota.

Hodi. Ni Abdul Mannan, mtunza shamba la jirani,
papai mkononi, lingali na umande.
Nani kamwambia? Samail ina mitende mingi
na masikio zaidi.
Kiarabu chake na changu havijuani vizuri,
basi anagusa papai, anagusa tumbo lake,
anafanya kwa vidole maji yanayoteremka mtaroni.
Tumeelewana.

Sisemi ni tiba. Daktari ni daktari,
na maumivu yakikaza tutashika njia ya Maskati,
Idi au si Idi.
Ila tumbo lina haya kama bi harusi,
ukilifokea linajifungia,
ukiliwekea kitu chepesi mlangoni
na ukaenda zako, huenda likatoka.

Hamdun anakula. Kijiko na kimya.
Kipande cha papai, kingine.
Anakwenda kutembea kando ya falaji, mikono nyuma,
akikagua maji kana kwamba yamefichwa magendo.
Saa tatu anarudi mbio, anapita bila salamu,
chooni anakaa muda wa habari nzima ya redio,
na anatoka na uso
wa mtu aliyerejeshewa ushuru.

Adhuhuri simu inalia. Shemeji yangu, wa Izki:
shimo lao wanalifunua leo, mbona hamjaja?
Hamdun ananitazama. Namtazama.
"Tutaonja tu," anasema,
akitafuta kanzu pana.

Nachukua kalamu yake nyekundu
niandike vya Jumapili. Uzile, umekwisha. Ndimu kavu.
Shairi, kilo moja.
Nalitazama kosa.
Naliacha.